Beti ya Saba

Ijumaa, 2 Agosti

Leo kitabu kimekuwa changu. Kanuni ya hoteli ninayolinda hapa Doha ni kwamba kitu alichosahau mgeni kikikaa kabatini siku tisini bila kuulizwa, ni cha aliyekiokota. Nilikiokota tarehe nne Mei, chini ya kiti cha ukumbi wa mapokezi. Wenzangu wameokota saa, chaja, miwani ya jua. Mimi nimepata kurasa 311 za maisha ya mwanamke wa Kiingereza aliyekufa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Nimekwisha kukisoma mara mbili, nikikirudisha kabatini kila jioni, maana siku ya themanini na tisa si siku ya tisini.

Jina lake Hester Pellow. Baba alikwenda baharini asirudi. Akaozwa akiwa na miaka kumi na sita kwa karani mmoja, karani akafungwa, naye akaingia gerezani pamoja na mumewe na mtoto mchanga, kwani sheria yao iliruhusu. Humo ndimo alimoanza kutunga mashairi. Alipotoka akawa mwigizaji. Aliigiza msichana mmoja muuza maua, na tangu siku hiyo London nzima ikamwita kwa jina la yule muuza maua. Miguu ikamfia akiwa na miaka ishirini na sita. Akaandika miaka kumi na saba akiwa kitini, kwa majina manane ya kubuni, kwa sababu magazeti hayakutaka shairi la mwigizaji. Waliomzika walikuwa wawili.

Digrii 46 leo. Nimesimama langoni kwa saa kumi na moja na nusu.

Jumanne, 6 Agosti

Nimemwambia Githinji habari za Hester. Bradley Githinji ni mtu wa kompyuta katika mnara mmoja hapa West Bay, na ndiye mkubwa wa kikundi chetu cha maigizo cha Wakenya. Kila mwaka tunaonyesha mchezo Sikukuu ya Mashujaa ikikaribia. Mwaka huu hakuwa na mchezo. Sasa anao.

"Andika, Madam Jerusha," akasema. "Andika kwa mashairi. Hiyo Doha haijawahi kuona."

Ijumaa, 9 Agosti

Nimepeleka kikundini kurasa ishirini na mbili. Nilizitunga kichwani nikiwa langoni, nikahesabu mizani kwa vidole nyuma ya mgongo, ndani ya glavu nyeupe. Nane kwa nane, kama alivyotufundisha mwalimu kule Nyamira kwa kugonga dawati. Shairi la mwisho, la miguu ya Hester, lina beti saba. Kibwagizo chake hiki: *Nitatembea kwa wino, kurasa ziwe ni njia.*

Wakapenda. Tulikuwa kwenye chumba cha mikutano cha ofisi ya Githinji, ghorofa ya kumi na nne. Nikauliza ni nani atakuwa Hester. Niliuliza nikijua jibu ninalolitaka.

Githinji akakohoa. "Madam, wewe ndiye kichwa cha kazi hii. Lakini Hester ni mtu wa sauti laini. Yako ni ya geti."

Watu kumi na wanne wakacheka. Niliwahesabu. Hester atakuwa Gakii, nesi, ana gari lake na Kiingereza kisicho na vumbi. Yeye hakucheka. Aliangalia kucha zake. Hilo nalo nimeliandika.

Mimi nitakaa nyuma ya pazia na karatasi, nimnong'oneze atakayesahau.

Jumamosi, 10 Agosti

Scovia, Mganda ninayeishi naye chumba kimoja hapa Al Rayyan, ameniambia nisilie. Sikuwa nalia. "Nnyabo," akaniita kwa heshima ya Kiganda, "si wamesema ukweli? Wewe ukiuliza kitambulisho, hata lifti inasimama."

Alhamisi, 15 Agosti

Unyevu umeingia. Vioo vya mlango vinatoa jasho kwa nje. Miguu imevimba hadi alama ya soksi imebaki usiku kucha.

Jumamosi, 24 Agosti

Dereva Msudani wa hoteli amesema Suheili imeonekana alfajiri. Kwao nyota hiyo ikitoka, joto limevunjika mgongo. Nikamwonyesha kipimo cha ukutani: digrii 43. "Mgongo umevunjika," akasema, "lakini bado unauma." Nimecheka kwa mara ya kwanza tangu tarehe tisa.

Ijumaa, 30 Agosti

Mazoezi. Gakii amehifadhi kila kitu. Hajanihitaji hata mara moja. Nilikaa saa mbili na robo nyuma ya pazia la kukodi lenye harufu ya karanga, karatasi mkononi, nikimngoja mtu asahau. Hakuna aliyesahau.

Tulipofika shairi la miguu, Githinji alisimamisha mazoezi. Lingefanywa siku nyingine.

Ijumaa, 6 Septemba

Zamu. Sikwenda mazoezini.

Ijumaa, 13 Septemba

Leo tena zamu, na siku ambayo sitaisahau.

Saa nne asubuhi Scovia amenitumia video kwenye simu. Ni Gakii, kwenye hafla ya manesi, amevaa gauni la kijani, akisema shairi langu la miguu. Dakika mbili na sekunde kumi. Nimeitazama chooni, mara tatu, maana langoni haturuhusiwi simu.

Anasema vizuri, na hilo ndilo lililoniuma kwanza. Alipofika hapa, watu walinyamaza:

*Miguu yangu yalala, haitaki kuamka,*
*Nimeiomba kwa sala, nayo haijainuka,*
*Kalamu haina hila, ndiyo ninayoishika,*
*Nitatembea kwa wino, kurasa ziwe ni njia.*

Halafu beti ya tano. Halafu ya sita. Halafu akainama, wakapiga makofi.

Nikasubiri. Nikarudisha nyuma. Beti ya saba haipo.

Mtu yeyote aliyefundishwa ushairi anajua beti ya mwisho ni ya nini. Mtunzi hufunga lango na kutaja jina lake. Shairi lisilo na beti hiyo ni nyumba ya kupanga. Yeyote anaingia na kitanda chake.

Na ameingia. Chini ya video wameandika maoni mia moja na kumi na tisa. "Mshairi wetu Gakii." "Kumbe nesi naye ni malenga." Mmoja amemwombea arudi Meru achapishe diwani. Gakii hakuwajibu. Hajasema ndiyo, hajasema siyo.

Nimerudi langoni. Mgeni mmoja akaniita, "Security." Nikaitika. Miaka tisa naitika. Nilianza hapa nikisugua ngazi za chini, nikasoma Kiarabu cha salamu kutoka kwa wapishi, nikafanya mtihani wa ulinzi mara mbili, sasa nasimamia zamu ya watu kumi na mmoja. Hakuna aliyenishika mkono. Na bado mtu akitaka mlango ufunguliwe, jina langu ni kazi yangu. Hester walimwita kwa jina la muuza maua hadi akafa. Sasa namwelewa vizuri kuliko aliyeandika kile kitabu.

Jumapili, 15 Septemba

Leo ndiyo siku ya mwisho ya katazo la serikali la kufanya kazi juani mchana wakati wa kiangazi. Kuanzia kesho wajenzi watarudi juani, na sisi wa lango la nje pia.

Ijumaa, 20 Septemba

Nimekwenda ofisini kwa Githinji kabla wengine hawajafika.

"Beti ya saba iko wapi?"

Hakujifanya hajui. Akafungua kompyuta yake ndogo akanionyesha. Aliikata tarehe kumi Agosti, siku moja tu baada ya mimi kuwapelekea.

"Madam, fikiria. Huyu ni mwanamke wa London, miaka mia mbili na hamsini iliyopita. Amekaa kitini, anakufa. Mara anasema anaitwa Nyaboke, jina lako wewe, na ana beji shingoni. Watu watacheka."

"Anaongea Kiswahili tangu mwanzo. Hamcheki?"

"Hiyo ni tafsiri."

"Si tafsiri. Ni yangu."

Akavua miwani. Ana macho ya mtu asiyelala, nilikuwa sijaona. "Hakuna anayekunyang'anya. Kwenye ratiba tutaandika, Tungo ni za kikundi. Sisi ni familia."

"Familia yenu ilinicheka, watu kumi na wanne."

"Unahesabu kila kitu, wewe."

"Nisipohesabu mimi, nani?"

Nilimwambia nimetoka. Nimejitoa kwenye kundi la simu nikiwa ndani ya lifti, kati ya ghorofa ya tisa na ya sita.

Nilidhani bila mimi watasimama. Scovia, ambaye ingawa ni Mganda naye anaigiza humo, bibi wa gerezani, anasema hawakusimama hata dakika moja. Walimweka kijana wa benki nyuma ya pazia.

Jumatatu, 23 Septemba

Hakuna.

Jumamosi, 28 Septemba

Digrii 38. Dominiko, mlinzi wa zamu yangu, ameuliza kama bado nataka tubadilishane zamu tarehe kumi na nane Oktoba, siku ya mchezo, kama tulivyopatana. Nimemwambia sihitaji. Akasema ataiacha wazi hivyohivyo. "Mtu hukasirika hadi tarehe fulani," akasema.

Ijumaa, 4 Oktoba

Gakii amekuja Al Rayyan.

Nilikuwa nimelala juu ya kitanda, miguu ukutani, ndiyo dawa yangu baada ya zamu sita mfululizo. Scovia akafungua mlango, akasema, "Malenga wa Meru amefika," akatoka na ndoo ya nguo ambazo alikuwa amekwisha kuzifua jana.

Gakii hakukaa kwenye kiti. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akatazama miguu yangu bila kuniomba ruhusa, akabonyeza kwa kidole gumba juu ya kifundo. Shimo likabaki. Akahesabu kimya hadi lilipojaa.

"Sekunde ngapi?" nikamuuliza.

"Ishirini na moja. Umepimwa lini presha?"

"Umekuja kunipima?"

"Hapana. Nimekuja kuuliza kwa nini umetoka. Githinji anasema umechoka na zamu."

Nikamwambia. Nikamwambia yote, video, makofi, yale maoni mia moja na kumi na tisa. Nilikuwa nimeyapanga wiki tatu, yakatoka bila mpangilio. Alinisikiliza kama wanavyosikiliza manesi, mikono mapajani.

"Mimi nilipewa beti sita," akasema. "Nikaambiwa ni shairi la kikundi. Niliona limeishia vibaya. Kama mtu aliyeondoka bila kuaga. Nikasema hivyohivyo."

"Na waliokuita malenga?"

Uso wake ukawa mwekundu, na ni mweusi kunishinda. "Hilo ni langu," akasema. "Niliyasoma yote. Nilijua si mimi. Lakini dada Jerusha, kazini naitwa 'sister' na watu ambao nimewageuza kitandani miezi minne. Ilikuwa tamu siku mbili tatu. Kisha ikapita muda wa kusema, nikaona aibu kusema."

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Si kwa hilo.

Baadaye nikamuuliza kitu nilichotaka kumuuliza tangu Agosti. Anapoigiza Hester kitini, kwa nini haangalii miguu yake hata mara moja? Mimi ningeiangalia.

"Wodi yangu ni ya watu waliopooza," akasema. "Mgeni ndiye huangalia miguu. Mwenyewe anaangalia milango. Anapima kama kiti kitapita."

Nimekaa na neno hilo hadi sasa ninapoandika. Nilitunga beti saba za miguu na sikulijua.

Akataka kuisikia beti ya saba. Nikamsomea nikiwa bado chali. Aliirudia mara mbili akitazama dari, mara ya pili bila kosa. Kisha akaniwekea sanduku la nguo chini ya miguu, akasema ataongea na Githinji.

Jumanne, 8 Oktoba

Ujumbe wa Gakii: Githinji amekataa. Ratiba zimechapishwa, nakala mia sita. Pia ameandika kwenye video yake kwamba mtunzi ni Jerusha Nyaboke wa Al Rayyan. Watu watatu tu wamesoma. Video ya mwezi uliopita ni gazeti la kufungia nyama.

Ujumbe wa pili, saa hiyohiyo: "Rudi ushike karatasi. Nikisahau nani atanishika?"

"Wewe hujawahi kusahau."

"Rudi tu."

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimerudi. Sikumsalimia Githinji, yeye akanisalimia mara mbili. Yule kijana wa benki alinikabidhi karatasi kwa furaha ya mtu aliyetuliwa mzigo.

Upepo wa kaskazini leo. Tumefungua madirisha kwa mara ya kwanza tangu Mei.

Alhamisi, 17 Oktoba

Kesho Dominiko atanipokea zamu saa saba na nusu mchana. Ukumbi ni wa shule moja upande wa uwanja wa ndege wa zamani. Mchezo saa tisa. Basi dakika arobaini, metro dakika kumi na nane, kutembea dakika tisa. Nitafika nikiwa na sare. Hakuna muda wa kubadilisha.

Ijumaa, 18 Oktoba

Naandika haya ndani ya metro ya kurudi, goti likiwa meza.

Ukumbi ulijaa. Viti mia tano na arobaini, na safu mbili za watu wamesimama nyuma, wengi wao walinzi na wasichana wa majumbani waliopata ruhusa ya saa chache. Mbele walikaa wageni wa heshima. Ratiba ilikuwa juu ya kila kiti. *Tungo: Kikundi.* Nilichukua moja nikaikunja ndogo, nikaiweka ndani ya kiatu. Sijui kwa nini kiatuni.

Nyuma ya pazia kuna kiti kimoja na taa ndogo. Nilisimama. Nimezoea.

Scovia alichekesha watu gerezani. Hester akatoka gerezani, akaimba muuza maua, mji ukampachika jina. Watu wakalia mahali ambapo sikutarajia, pale mama wa Hester anapomwambia asirudi nyumbani bila kitu mkononi. Wale wa nyuma ndio walioanza.

Kisha kiti, shali, mshumaa wa betri. Shairi la miguu.

Nilifuata kwa kidole. Beti ya kwanza, ya pili. Gakii aliangalia mlango wa kulia wa ukumbi, ule wa dharura, muda wote. Ya tano, ya sita. *Nitatembea kwa wino, kurasa ziwe ni njia.* Hapo ndipo anapoinama, taa zizimwe.

Hakuinama.

Alikaa hivyohivyo, mdomo umefunguka kidogo, kama mtu aliyepotewa na neno. Mtu wa taa akamtazama Githinji. Githinji, upande wa pili wa jukwaa, akamfanyia Gakii ishara ya kuinama. Gakii hakumwona, au alimwona. Moja. Mbili. Mtu akakohoa. Tatu. Nne. Nikatazama karatasi, beti ya sita ndiyo ya mwisho iliyoandikwa, chini yake ni nyeupe. Tano. Hujawahi kusahau, nilimwambia. Rudi tu, aliniambia. Sita. Ndipo akageuza kichwa polepole, akaacha kuangalia mlango, akaniangalia mimi.

Saba. Githinji akanitikisia kichwa, hapana. Nane. Nilimwona vizuri. Hakuwa na hasira, alikuwa na hofu, kama mtu aliyebeba trei ya glasi. Nikamwonea huruma, kwa kweli. Tisa.

Kazi ya mshika karatasi ni kunong'ona. Mimi sikunong'ona. Nilitumia sauti ya geti.

*Tamati nafunga lango, jina langu nalitaja,*
*Wala si beji ya shingo, waitayo wakingoja,*
*Nyaboke, huu utungo, ni wangu mimi mmoja,*
*Nitatembea kwa wino, kurasa ziwe ni njia.*

Sikutoka nje ya pazia. Nataka hilo lieleweke. Ilitoka sauti tu, bila kipaza sauti, na ikafika nyuma kabisa, maana huko nyuma ndiko kibwagizo kilikoitikiwa. Walikuwa wamekisikia mara sita, wakakichukua wao ya saba. Hakuna aliyecheka. Gakii ndipo akainama.

Baadaye, katika chumba cha mavazi, nilimkuta akivua shali.

"Ulisahau?"

"Mimi nasahau dozi za watu?" akasema, akaniambia nikae chini, niinue miguu.

Githinji alikuja na ratiba mkononi. Alikuwa ameandika kitu kwa kalamu pembeni ya ile nakala yake, akanipa. Chini ya *Kikundi* ameweka jina langu, majina yote mawili, mwandiko mbaya.

"Hii ni moja," nikamwambia. "Zimebaki mia tano tisini na tisa."

"Najua," akasema. "Niachie mimi na kalamu yangu."

Jumapili, 20 Oktoba

Mashujaa. Zamu kamili. Digrii 33, upepo.

Kikundi kimeweka video kwenye ukurasa wake. Inakatika pale beti ya sita inapoisha. Githinji amenipigia mwenyewe kabla sijaiona, akasema aliyeikata video alifuata karatasi, itawekwa nyingine. Labda. Nimeandika tarehe aliyosema.

Lakini Scovia alimpa simu msichana wa safu ya mwisho airekodi, na hiyo inazunguka. Mlinzi wa hoteli ya jirani aliniinulia mkono leo kutoka ng'ambo ya barabara, akaniita. Magari yalikuwa mengi, sikusikia jina aliloita. Aliita mara ya pili. Nikaitika.

Wakati wa mapumziko nimeitazama hiyo video, si kwa ajili ya beti. Nilitaka kupima kile kimya. Nilihesabu tisa nikiwa nyuma ya pazia, na sikosei hesabu.

Ni sekunde ishirini na moja. Aliningoja zote.